Hojaji Themanini na Nane Zisizo na Kosa

Jumanne, saa mbili na dakika kumi asubuhi, karani wa Chama cha Saikolojia ya Kijamii alifungua kabati la chuma la ofisini kwake akakuta rafu ya katikati tupu. Alilifunga, akahesabu mpaka tatu, akalifungua tena. Boksi halikuwepo. Akavuta kiti akakaa.

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja, ghorofa ya pili ya jengo la watu, ambamo chama kilikaa kwa huruma tu. Palikuwa na meza mbili, kompyuta moja, kiti cha mgeni kilichofungwa mguu kwa waya, na ukutani kalenda ya mwaka juzi ambayo haikutolewa kwa sababu picha yake ilikuwa nzuri. Mwizi mwenye akili timamu asingeingia pale isipokuwa kwa kukosea mlango. Lakini lile boksi la kadibodi ndilo lililobeba uhai wa chama. Ndani yake mlikuwa na hojaji mia moja na ishirini na sita, kila moja imejazwa na kutiwa sahihi na mwanachama mmoja. Mfuko wa wafadhili uliokuwa unalipia jarida, mkutano wa mwaka na mshahara wa karani ulikuwa umesema bila kuzunguka: chama kisichoweza kuonyesha wanachama hai mia moja na ishirini hakitapata kitu tena. Mkaguzi wa mfuko alikuwa anakuja Ijumaa, saa nne asubuhi.

Kabati halikuvunjwa. Kitasa chake hakikuwa na hata mkwaruzo. Liliponunuliwa lilikuja na funguo mbili. Mmoja ulipotea zamani, wakati wa kuhama ofisi, na wa pili ulining'inia kwenye shingo ya karani kwa uzi mweusi. Msajili wa jengo, aliyesimamia vyumba vyote vya pale, alipoliona hilo hakuhitaji kuambiwa zaidi. Saa nne akapiga simu polisi.

Aliyetumwa ni mwanamke wa miaka hamsini na minne, mwenye viatu bapa na daftari lililokunjwa katikati, ambaye kituoni walimwita Bi Saangapi. Jina hilo alilipata kwa kuwa hata ukimsalimu, alitaka kwanza kujua umefika saa ngapi. Kabla hajatoka, mkuu wake alimwambia kazi yenyewe ni nyepesi.

"Mwenye ufunguo ndiye mwizi. Chukua maelezo yake, Alhamisi jioni tumfungulie kesi. Usiniletee hadithi ndefu."

Alimkuta karani ameketi vilevile, mikono juu ya meza.

"Boksi uliliona mara ya mwisho saa ngapi, mama?"

"Jana saa tisa na nusu, afande. Kuna hojaji moja ilikuwa imeanguka chini ya meza. Nikairudisha, nikafunga."

"Ukaondoka saa ngapi?"

"Saa kumi kamili. Mlango wa chumba huwa siufungi mimi, anafunga msafishaji saa kumi na mbili. Kabati ndilo nafunga."

"Na ufunguo?"

"Haujatoka shingoni. Hata kuoga naoga nao."

"Hapo umejimaliza mwenyewe."

"Sasa nisemeje? Niseme niliupoteza? Sijaupoteza."

Bi Saangapi aliandika jibu hilo neno kwa neno. Katika miaka yake ishirini na tisa ya kazi hakuwahi kukutana na mwizi aliyeshindwa hata kudanganya kwamba ufunguo ulimpotea siku moja. Hata hivyo alijua kwamba kumpenda mtu si ushahidi.

"Nina binti, yuko mwaka wa mwisho wa uuguzi," karani alisema. "Amebakiza muhula mmoja. Ada yake inatoka humu humu, kwenye huu mshahara wa ofisi ya viti vibovu. Nikisimamishwa kizimbani, hata nikishinda, nani atanirudisha kazini? Na yeye atamaliza kwa pesa gani?"

Bi Saangapi alikunja daftari lake. Akashuka getini.

Mlinzi alikuwa mtu wa taratibu. Alifungua daftari lake akasoma kwa kidole.

"Jumatatu baada ya saa kumi. Fundi bomba, saa kumi na robo, alikwenda ghorofa ya chini. Katibu wa chama, saa kumi na dakika arobaini, akatoka saa kumi na dakika hamsini na tano na mkoba mkubwa. Basi."

"Hakuna mwingine?"

"Mgeni yeyote anayepita hapa anaandikwa, afande. Awe na tai, asiwe na tai."

"Huo mkoba ulikuwa umejaa?"

"Umejaa mpaka zipu inalia."

Katibu wa chama alikuwa mhadhiri kijana mwenye kusema haraka haraka, na kwa mwaka mzima alikuwa akishawishi watu kwamba chama kiunganishwe na kingine kikubwa cha ng'ambo. Chama kikikosa mfadhili, wazo lake lingepita bila kupingwa. Bi Saangapi alimkuta Jumatano, saa tatu asubuhi, akisahihisha mitihani.

"Jumatatu jioni ulifuata nini ofisini?"

"Vitabu."

"Vitabu gani?"

Katibu akaangalia dirishani. "Vya nadharia."

"Nitajie kimoja."

Katibu aliweka kalamu chini.

"Karatasi," akasema mwisho. "Rimu mbili. Idara yetu haina karatasi tangu mwezi uliopita, na wanafunzi mia na sitini walikuwa na mtihani jana. Nilikusudia kurudisha."

Bi Saangapi alichukua karatasi moja ya mtihani akaiinua kwenye mwanga. Kisha akapiga simu kwa karani, akamwomba ahesabu rimu zilizoko chini ya meza. Zilipungua mbili. Mkoba wenyewe ulikuwa unaning'inia nyuma ya mlango. Akaupima kwa mikono, akaona kwamba ukishaingiza rimu mbili, boksi la hojaji haliingii hata kwa kulikalia. Basi msomi huyo alikuwa mwizi, lakini si mwizi aliyekuwa akitafutwa.

"Unadhani karani ndiye aliyechukua boksi?"

"Yule mama? Haiwezekani. Yule ukimwazima kalamu analala hana amani mpaka airudishe."

"Umemwambia msajili hivyo?"

"Mimi? Nilidhani mweka hazina ameshaongea naye. Wanafahamiana."

Mweka hazina hakuwepo. Tangu Jumamosi alikuwa mji mwingine, akimuuguza mama yake hospitalini. Bi Saangapi alizungumza na muuguzi wa wodi kwanza, kisha naye kwa simu hiyo hiyo. Alikuwa mama mwenye sauti ya kuchoka, na hakuficha kwamba mara mbili alishapendekeza chama kifungwe.

"Orodha ina watu mia tatu, afande. Tukiitisha mkutano wanakuja kumi na wanne, na watatu kati yao wamefuata chai. Unajua mkutano uliojaa ni upi? Ule wa kubadilisha jina, miaka kumi na miwili iliyopita. Tulikuwa Chama cha Saikolojia ya Jamii. Watu wazima tukakaa siku mbili tunabishana, ni ya jamii au ni ya kijamii. Ikapita ya kijamii, kura sitini na moja dhidi ya moja. Tangu hapo hakuna anayeandika vingine, labda huyo mmoja. Kwa neno tulijaa. Kwa pesa ya kuendesha chama, kila mtu ana dharura."

"Na karani, unadhani kaiba?"

"Hapana. Hapana kabisa."

"Umemwandikia msajili?"

Kwenye simu ikasikika mashine ya wodi ikilia. "Nilidhani Mzee atamwambia," mweka hazina alisema. "Mzee ndiye anayesikilizwa."

Mzee alikuwa mwanzilishi wa chama, na sasa mlezi wake. Alikuwa na miaka sabini na minane, mjane, na alikaa peke yake kwenye nyumba ambayo vitabu vilikuwa vimeshika viti vyote ila viwili. Bi Saangapi alifika saa kumi alasiri, akatoa shikamoo yake, akapewa chai ambayo mwenye nyumba aliimimina mwenyewe.

"Nilipoanzisha Chama cha Saikolojia ya Jamii tulikuwa watu saba na baiskeli moja," Mzee alisema. "Hatukuwa na mfadhili. Kila mmoja alitoa kwa sababu alijua asipotoa yeye, wenzake sita watamwona. Tulipofika mia tatu, hakuna aliyemwona mwenzake tena."

"Wewe ulifundisha nini hasa, Mzee?"

"Hilo hilo. Miaka thelathini na moja. Mtu akianguka mbele ya mtu mmoja, huinuliwa. Akianguka mbele ya ishirini, anaweza kulala pale pale chini. Si kwamba wana roho mbaya. Kila mmoja anawatazama wale kumi na tisa, anaona wametulia, anasema bila shaka kuna mtu ameshaita msaada."

Bi Saangapi akauliza hojaji ilitungwa na nani.

"Mimi." Macho ya Mzee yakachangamka. "Ina maswali kumi na mawili. Unaweka namba: moja maana yake hukubali kabisa, tano maana yake unakubali kabisa. Swali la nne linasema, chama hiki kinanifaa. La tisa linasema, chama hiki hakinisaidii chochote. Hilo ni la mtego. Mtu anayejaza huku akili iko kwenye simu anaweka tano, tano, tano mpaka chini, hapo kwenye tisa anajipinga mwenyewe."

"Na nyie wanasaikolojia mnanaswa?"

"Sisi ndio wa kwanza," Mzee alisema, akacheka kwa mara ya kwanza na ya mwisho siku ile.

"Karani wenu. Unadhani ndiye?"

Mzee aliweka kikombe mezani. "Hapana."

"Umemwambia nani?"

"Bado," akajibu.

Bi Saangapi alitembea mpaka kituoni akiwa na maelezo matatu yaliyofanana. Watu watatu wanajua kwamba mama yule hana hatia, na hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo. Alikasirika, kisha akakumbuka kwamba yeye mwenyewe alikuwa anaandika jina la mama huyo juu ya faili kwa kuwa mkuu wake alisema hivyo, na hasira ikakosa pa kukaa.

Alhamisi saa mbili asubuhi mkuu aliuliza habari za ile kesi.

"Jioni, mkuu."

"Jioni iwe jioni kweli."

Karani alikuwa kazini. Hakuna aliyemwambia asije, na hakuna aliyemwambia aje. Bi Saangapi alikalia kiti cha waya akamuuliza kama hojaji zile zilikuwa na nakala.

"Nakala hapana. Ila nilikuwa naziingiza kwenye kompyuta, moja moja. Katibu alitaka jedwali la kumwonyesha mkaguzi." Akavuta droo, akatoa karatasi kumi na moja zilizobanwa kwa pini. "Kila mstari ni mtu mmoja. Namba zake kumi na mbili, na maoni yake mwishoni."

"Maoni umeyaandika kama yalivyo?"

"Kama yalivyo, na makosa yake. Mara moja nilimsahihishia profesa mmoja herufi, nikagombezwa wiki nzima."

"Zilikuwa zinaletwaje?"

"Za kwanza zilikuja moja moja, wengine kwa posta, wengine nawafuata mimi mwenyewe mpaka mlangoni. Miezi miwili napata thelathini na nane. Kisha zikaanza kumiminika, afande. Nikija asubuhi nakuta bahasha zimepitishwa chini ya mlango, tano, saba. Nilifurahi. Nikasema Mungu amewagusa."

Bi Saangapi hakujua saikolojia, ya jamii wala ya kijamii, lakini alijua kusoma maelezo ya mashahidi. Akachukua kalamu, akaanza na mistari thelathini na nane ya mwanzo, akitazama swali la nne na la tisa. Mtu wa tatu kaweka tano na tano; kanaswa. Wa saba kaacha maswali mawili wazi. Wa kumi na moja kaandika sita, namba ambayo haipo. Wa kumi na nne, ambaye ni katibu mwenyewe, kanaswa. Walipoisha hao thelathini na wanane, alikuwa amehesabu makosa kumi na tisa.

Kisha akashuka kwenye mstari wa thelathini na tisa, akaenda mpaka wa mwisho. Alipomaliza alirudia tena, kwa sababu hakuamini. Katika watu themanini na wanane hapakuwa na hata mmoja aliyenaswa wala aliyeruka swali. Majibu yenyewe hayakuwa sawa: huyu alikipenda chama, yule alilalamika, mwingine alikuwa katikati. Lakini kila mmoja, mlalamishi na mpenzi, alikuwa ametulia, akasoma, akajibu kwa makini mpaka nukta ya mwisho.

"Mashahidi watatu wakinieleza ajali bila kupishana hata dakika," alimwambia karani, "najua walikaa meza moja kwanza. Hawa wako themanini na wanane. Mama, hawa si watu."

Karani alifunika mdomo kwa mkono.

"Nisomee maoni. Yale tu yanayotaja jina la chama."

Karani alisoma. Katika hojaji za kwanza jina lilitajwa mara tisa, na mara nane lilikuwa Saikolojia ya Kijamii. Katika zile themanini na nane lilitajwa mara ishirini na tatu, na mara zote ishirini na tatu liliandikwa Saikolojia ya Jamii.

"Rudi kwenye tisa za kwanza. Huyo mmoja aliyeandika ya jamii ni mstari wa ngapi?"

Kidole cha karani kilipanda mpaka juu kabisa ya ukurasa wa kwanza kikasimama. Hakutaja jina. Machozi yalikuwa yameshamtoka.

Bi Saangapi alishuka getini kumuuliza mlinzi.

"Jumatatu jioni Mzee alikuja?"

"Alikuja," mlinzi akajibu. "Saa kumi na moja na nusu hivi. Nikamsaidia kuteremsha boksi lake la vitabu ngazini, nikamwitia teksi."

"Mbona hukumwandika?"

Mlinzi alimtazama kama aliyeulizwa kitu cha aibu. "Mzee si mgeni, afande."

Walikutana ofisini saa nane mchana. Karani alikaa mezani kwake, katibu akasimama karibu na dirisha, Mzee akapewa kiti kizima. Bi Saangapi alibaki amesimama mlangoni. Aliweka zile karatasi kumi na moja mezani, akaeleza kwa utaratibu: mstari wa kwanza mpaka wa thelathini na nane, makosa kumi na tisa; kuanzia hapo mpaka mwisho, hakuna kosa. Akaeleza neno. Akaeleza saa kumi na moja na nusu.

"Kabati hili lilinunuliwa na nani?" akamalizia.

"Na mimi," Mzee alisema. "Kwa pesa yangu. Ufunguo wa pili haukupotea. Niliusahau kwenye koti, nikaja kuupata miaka mingi baadaye, nikaona haya kusema."

"Boksi liko wapi?"

"Nyumbani, kwenye kabati la nguo za marehemu mke wangu. Nilikusudia kulichoma. Nikashindwa."

Katibu akageuka kutoka dirishani. "Mzee, wewe? Wewe uliyetufukuza darasani kwa kubuni takwimu tatu?"

"Mimi." Mzee alikuwa anatazama mikono yake. "Niliwapigia simu wote themanini na wanane, mmoja mmoja. Ni wanafunzi wangu, nawajua. Kila mmoja alisema, nitajaza Mzee, wiki hii hii. Nilisubiri mwezi. Nikasema, kwani wamekataa? Hawajakataa. Nikaanza kuwajazia walichokusudia. Huyu mkaidi, nikampa mbili. Huyu mpole, nikampa nne. Nilikaa na kila mmoja kama nilivyokaa naye akiwa kijana. Sikuwa na haraka. Ndiyo maana hakuna aliyenaswa. Wangejaza wenyewe, wangekosea."

"Kisha?"

"Jumatatu mchana katibu akaniambia mkaguzi atachagua hojaji kumi, atawapigia simu wenyewe, awaulize walijibu nini. Nikajua nimekwisha."

"Ukamwacha mama huyu ashukiwe badala yako."

"Jumanne nilisema, katibu atamtetea, yeye yuko karibu. Jumatano ulipokuja nyumbani, nikasema nikimaliza chai nitasema. Sikusema. Kitu nilichofundisha miaka thelathini na moja, nilikuwa nakitazama kinanitokea, sebuleni kwangu, na sikuweza kunyanyua ulimi. Nisamehe, mwanangu."

Neno la mwisho alimwambia karani. Karani alimgeukia Bi Saangapi, na sauti yake ilikuwa ya chini sana.

"Kwa hiyo zilizobaki ni thelathini na nane."

"Ndiyo."

"Na mkaguzi anataka mia na ishirini."

"Ndiyo, mama."

"Sasa umenisaidia nini, afande?"

Bi Saangapi alikuwa amemtoa mama huyo mlango wa mahakama na kumweka mlango wa njaa, na alijua kwamba asingeweza kufanya vinginevyo. Alisema pole, neno ambalo watu husema wanapokuwa mikono mitupu.

Jioni ile msajili alifuta malalamiko yake, kwa vile boksi lilichukuliwa na mlezi wa chama chenyewe. Mkuu wa kituo alifunga faili, akasema hayo ndiyo aliyoyakataa, hadithi ndefu. Kuhusu sahihi themanini na nane za kughushi, alisema kama kuna mwanachama anayejiona amedhulumiwa, aje mwenyewe kuandikisha. Hakuna aliyekuja.

Ijumaa saa nne kasoro dakika tano Bi Saangapi alileta boksi, kwa kuwa lilipitia mikononi mwake na alitaka litiwe sahihi ya kupokelewa. Mkaguzi wa mfuko alikuwa ameshafika, kijana mnadhifu mwenye kompyuta nyembamba. Katibu alifungua mdomo aeleze, akaufunga. Aliyesimama ni Mzee. Akasema yote, tangu simu ya kwanza mpaka teksi, bila kujipunguzia hata neno moja. Kwa mara ya kwanza wiki ile, mtu alikuwa amesema bila kumsubiri mwenzake.

Mkaguzi hakuandika. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akafunga kompyuta yake taratibu.

"Mzee wangu, hiki ni chama cha kumi kukikagua mwezi huu. Vile tisa vyote vina wanachama mia moja na ishirini na kidogo. Kimoja kina mia moja na ishirini na moja, kingine na mbili. Unadhani mimi sijui?"

"Kama unajua," katibu akasema, "basi si uandike tu kwamba..."

"Wale tisa hakuna aliyeniambia kitu. Nilipiga simu, zikapokelewa, mtu akasema ndiyo nilijaza. Nimeandika walichosema. Nyinyi mmeniambia, tena mbele ya afisa wa polisi. Niandike nini? Nafanya kazi kwa fomu, kama nyinyi."

"Hiyo idadi ilitoka kwa nani?" Mzee aliuliza. "Nikamwone."

"Kwa bodi. Wako kumi na watano. Ukimuuliza mmoja, anasema ni wenzake walioona inafaa."

Mzee alikaa chini.

Saa saba mchana mfuko ulituma barua ya kusitisha. Mkataba wa karani ulikuwa unakwisha saa kumi siku hiyo hiyo, na kazi yake ya mwisho, aliyopewa na katibu ambaye hakuweza kumtazama usoni, ilikuwa kuwaandikia wanachama wote mia tatu barua pepe ya mistari minne: chama kimekosa ufadhili kwa kukosa wanachama hai, kinafungwa leo, asanteni kwa ushirikiano. Bi Saangapi alikuwa bado hajaondoka, wala Mzee na katibu. Hakuwa na sababu ya kubaki, ila aliona vibaya kumwacha mama na watu hao wawili tu.

Barua iliondoka saa saba na dakika arobaini. Saa nane kasorobo likaja jibu la kwanza, kisha la pili, kisha kompyuta haikunyamaza tena. Karani alikuwa anasoma kwa sauti, mwanzoni. Nimeshtuka sana. Hili ni pigo kwa taifa. Mbona hatukuambiwa mapema. Chama hiki ndicho kilichonilea. Haiwezekani tukae kimya, lazima mtu afanye kitu. Alipochoka kusoma akawa anahesabu tu, kwa kalamu, kijistari kwa kijistari, kama alivyohesabu hojaji.

Mpaka saa kumi kasoro dakika tano walikuwa wamejibu watu mia moja na arobaini na watatu. Simu yake iliita. Alikuwa binti yake, akiuliza kama ada ya muhula itatumwa leo au Jumatatu. Karani alimwambia asubiri kidogo. Akaiandika ile jumla chini ya ukurasa, akaipigia mstari, akatazama kama kuna mtu chumbani wa kumpa.

"Afande," alisema, "hii sasa naipeleka kwa nani?"

Bi Saangapi alimtazama katibu. Katibu alikuwa akimtazama Mzee.